Nguzo ya Jumuiya ya Wageni

Skuta, Nyeri
Jumapili, 9 Februari 2025

Tumsifu Yesu Kristo, Sista Ntinyari. Nakusalimu wewe kwanza kwa sababu najua mlezi wa wanovisi ndiye anayefungua bahasha. Humu hamna siri, ni habari za nyumbani tu. Sasa niruhusu nimsalimie dada yangu.

Dada Gaude, uko aje huko Chuka? Mimi niko, nasukuma tu. Tangu uingie utawani na kumwachia Mama simu yako, nimerudi kuandika kwa kalamu kama mtoto wa darasa la nne, na mwandiko unauona mwenyewe, ni kama kuku amepita. Skuta ni ile ile. Maji yanakuja yakijisikia, na juzi stima ilipotea wali ukiwa nusu, tukaula hivyo hivyo. Mwenzangu wa chumba, Kingori, siku hizi hahangaiki na hesabu za chuo. Anapiga picha swali, anaipa simu, na simu inamfanyia kazi yote kwa adabu. Nilimuuliza, siku simu ikikosea atajuaje? Akaniambia jengo likianguka atajua. Tulicheka, lakini mimi niliacha kucheka kabla yake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kanisa. Ile ghorofa ya kwaya iliyoongelewa tangu Baba akiwa hai sasa iko juu. Imekaa nyuma ya kanisa juu ya nguzo nne, na unajua mambo ya kigango chetu cha Mtakatifu Blasio huko nyumbani Wamagana, kila jumuiya ilipewa nguzo yake. Kila jumuiya na simiti yake, mchanga wake, fundi wake na majigambo yake. Mchoro ni wangu. Niliuchora nikiwa mwaka wa pili, nikawaambia wamtafute injinia aliyesajiliwa aukague. Mzee Ngatia, mwenyekiti wa kamati, alicheka akauliza kwa nini watafute injinia wa nje na wako na wao. Tangu siku hiyo hakuna anayeniita Kefa pale. Ni Injinia, hata kwa watoto wa katekisimu. Nami, nikubali, masikio yangu yalipenda.

Jumuiya ya Mama, hii yetu ya Mtakatifu Yuda Tadei, nayo ilipewa nguzo. Maana yake unaijua. Miaka yote tumeitwa jumuiya ya wageni, walimu na polisi na watu wa ofisini, watu wa kuletwa na kuhamishwa. Sherehe zikifika tunapewa sufuria tuoshe. Safari hii wamepewa nguzo, na Mama na wenzake wameiandika jina la Baba kwa rangi ya buluu, Sajini Jackton. Alinishika mkono akanipeleka niione, anatembea mbele yangu kama msichana.

Nikaiona, Dada. Kwenye kimo cha kifua changu, chini ya chokaa, kuna mstari unaoizunguka nguzo yote. Nikamuuliza Mama huu mstari ni wa nini. Akanieleza bila wasiwasi. Walianza kumwaga konkriti Jumamosi, maana siku zingine wote wako kazini. Mvua ikawakuta nusu ya nguzo. Jumapili Padri Muriithi hataki mtu ashike sepetu, na wao wenyewe wangethubutu vipi, wageni wavunje siku ya Bwana mbele ya macho ya watu? Jumatatu ni shule. Basi wakaifunika kwa majani ya ndizi, wakarudi Jumamosi iliyofuata wakamaliza. Alinisimulia hayo kwa fahari, kwamba hawakukata tamaa.

Nguzo haimwagwi hivyo. Konkriti ya juma lililopita haishikani vizuri na ya leo, hasa kama katikati kumeingia tope na majani. Pale kuna vipande viwili vimekaliana, na juu yake kuna sakafu ya kubeba watu. Sijamwambia. Ningeanzia wapi? Niambie wewe.

Ndugu yako,
Kefa


Chuka
Jumapili, 23 Februari 2025

Kefa mdogo wangu,

Sista Ntinyari anajibu milele amina, na anaomba utumie wino mweusi kwa sababu macho yake si ya jana. Barua tunapewa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Hata ikifika Jumatatu inangoja mezani kwake juma zima, ndiyo sheria ya nyumba, kwa hiyo usidhani nimeikalia yako.

Mimi ni mzima. Tunasali, tunachuma chai, tunasali tena. Wawira, novisi mwenzangu kutoka Runyenjes, anasema nachuma chai kama mtu anayeogopa kuiumiza. Wao wamezaliwa ndani yake, mimi nimezaliwa kwenye nyumba za polisi, nitajulia wapi? Kimya ndicho kinanitoa jasho. Jana nilijikuta nikiongea na kikapu.

Sasa nguzo. Nimeisoma barua yako hadi nikakosa hamu ya chai ya saa kumi. Lakini Kefa, nakuomba, usimwambie Mama kwamba nguzo ya Baba ndiyo mbovu. Unakumbuka siku tulipouleta mwili wa Baba kanisani kabla ya kuusafirisha nyumbani Butere. Tuliambiwa misa iende mbio kwa sababu kuna harusi ya wenyewe inangoja. Mama hakulia kwa jeneza siku ile, alilia kwa hilo neno wenyewe. Nilikuwa nimemshika, nilimsikia. Hiyo nguzo ndiyo kitu cha kwanza pale Wamagana chenye jina letu, na wewe unataka kwenda kumwambia kwamba kati ya zote nne, ya wageni ndiyo haifai?

Wewe ni msomi. Tafuta njia ya kuitibu bila kuitaja. Kama kuna dawa ya nguzo moja, zipe zote nne dawa hiyo hiyo, na mtu yeyote asijue mgonjwa ni nani.

Nakuombea,
Dada yako Gaudencia


Skuta
Jumapili, 16 Machi 2025

Dada Gaude,

Wino mweusi huu hapa, Sista, na samahani kwa macho.

Nimefanya kama ulivyosema. Niliazima maabara ile nyundo ya kupimia konkriti. Unaisukuma kwenye nguzo, inaruka, inakupa namba. Nikaenda Wamagana Jumamosi, watu wakanizunguka wakidhani nimekuja na mtambo wa ajabu. Nguzo tatu zilijibu vizuri, hata ile ya jumuiya ya Mzee Ngatia ambayo nilitamani kidogo iwe mbovu, Mungu anisamehe. Ya kwetu, juu ya mstari, si haba. Chini ya mstari namba zilishuka hadi nikafikiri nyundo imeharibika, nikarudia. Waliongeza maji ili konkriti iwe laini kwa akina mama wanaobeba kwa ndoo. Na kuna ufa, Dada. Mwembamba kama uzi, unaanzia kwenye mstari unateremka kwa mshazari.

Niliubandikia kioo. Hii ni njia ya zamani tunayofundishwa, haina kompyuta wala betri. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakigandisha pande zote mbili za ufa kwa simiti. Kioo hakijui kunyooka. Nguzo ikisogea hata unywele, kinapasuka. Kikiwa kizima, ujue nguzo imetulia. Kikipasuka, hakuna mtu anayefaa kuwa juu yake wala chini yake.

Mama aliniuliza kile kioo ni cha nini. Nilimwangalia usoni nikamwambia kinapima unyevu wa ukuta. Nikamwomba akitazame kila Jumapili, na kikipasuka anipigie simu. Akasema hilo tu? Akakipangusa na kitambaa chake cha kichwa kiwe safi.

Kisha nikaiambia kamati kwamba nguzo zote nne ziwekewe miti ya kuegemeza, mikaratusi minene kutoka sakafuni hadi chini ya ghorofa, kwa sababu jengo bado ni changa. Mzee Ngatia aliuliza kama kuna shida. Nikasema hapana, ni kawaida ya ujenzi. Wakaiweka wakiimba. Kwa hiyo mzigo wa nguzo yetu sasa unabebwa na miti, na hakuna aliyeaibika. Nikimaliza mwaka nitatafuta namna ya kuivunja na kuimwaga upya, tuseme tunaiongezea urembo.

Nililala usingizi mzuri mara ya kwanza tangu Februari. Kingori anasema nilikoroma.

Kefa


Chuka
Jumapili, 30 Machi 2025

Kefa,

Ubarikiwe wewe na mikaratusi yako. Nimecheka peke yangu hadi Wawira akanikanyaga mguu.

Sikia habari njema. Pentekoste Monsinyori anakuja Wamagana kubariki ghorofa ya kwaya, na Padri Muriithi ametuandikia akiomba wanovisi waje waimbe. Sista amekubali. Tutasimama huko juu kabisa, na mimi nimeomba nisimame upande wa nguzo ya Baba. Tunafanya mazoezi kila jioni. Sauti yangu unaijua, lakini wananivumilia.

Jambo moja dogo. Sista aliponipa barua yako hakuiachilia mara moja. Aliniuliza kwa nini huyu ndugu yangu anamdanganya mama yake. Nikamwambia si udanganyifu, ni heshima. Alinitazama kidogo, akaniachia karatasi, akaenda zake.

Gaudencia


Kagio
Jumapili, 18 Mei 2025

Dada Gaude,

Niko Kagio kwa atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Tunakarabati mfereji wa maji ya mashamba, na mimi nafuata injinia mkuu nikibeba mkebe wa rangi na utepe wa kupimia. Injinia mwenyewe ana digrii mbili na viatu vilivyotoboka, sasa najua mbele yangu kuna nini. Soko la hapa lingekufurahisha. Nyanya zimelala chini hadi barabarani, zinaoza, na kila mkulima ana simu inayomwonyesha bei ya Nairobi ya dakika hii. Bei wanaijua, barabara ndiyo hawana. Mama mmoja muuza mchele alinionyesha hiyo bei kwenye kioo cha simu akacheka hadi akakohoa. Nilisoma miaka minne nikiamini watu wanakosa habari. Huku watu wana habari zote, na nyanya zinaoza.

Mvua imenyesha mno. Nikiisikia kwenye mabati nafikiria nguzo. Nampigia Mama kila Jumapili namuuliza kioo kikoje. Ananiambia kizima, kinang'aa, soma vitabu vyako. Nikimuuliza miti ananiambia ipo. Basi natulia hadi Jumapili nyingine.

Pentekoste nitakuja moja kwa moja kutoka huku. Lakini kama nitachelewa njiani, nisikilize vizuri. Ukifika, kabla ya kukanyaga ngazi, tazama chini. Ukiiona miti, panda uimbe. Usipoiona, usipande, na usimwache Wawira wala mwingine yeyote apande, hadi mimi nifike. Hata Sista akikasirika. Sista, naomba radhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kefa


Chuka
Jumapili, 15 Juni 2025

Kefa,

Hatukupata nafasi ya kuongea siku ile, gari letu liliondoka kabla hata ya chakula. Wewe uliona kilichotokea kule sakristia, mimi niliona kanisani, na nafikiri unapaswa kujua jinsi kilivyoonekana kutoka kwenye benchi.

Tulipofika nilitazama chini kama ulivyoniambia. Hapakuwa na mti hata mmoja. Nguzo zote nne zilikuwa zimefungwa vitambaa vyeupe na vyekundu kwa ajili ya Pentekoste, zinapendeza. Nikamuuliza Mama miti imeenda wapi. Akaniambia kamati iliing'oa Ijumaa, kwamba Monsinyori hawezi kukuta kanisa linatembea na magongo, na si Injinia mwenyewe alisema ni mambo ya kawaida ya ujenzi? Alisema jumuiya yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza kung'oa yake. Alikuwa amevaa ile gauni ya zambarau. Sijamwona na furaha hivyo tangu Baba afe.

Niliwaambia wenzangu nimesahau kitabu cha nyimbo, nikawachelewesha mlangoni. Ulipoingia na viatu vya matope nikakuonyesha kwa macho, ukageukia sakristia. Mengine unayajua. Lakini hukuwa ndani Padri Muriithi alipopanda madhabahuni akasema hakuna atakayepanda leo. Sijui mliongea nini, labda hakuwa na muda wa kupanga maneno. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Injinia wetu ametuambia nguzo ya jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei haifai. Tushukuru Mungu ameiona mapema."

Kefa, watu wote waligeuka. Hawakuitazama nguzo, walimtazama Mama. Alikuwa ameketi mstari wa pili na akina mama wake, na mmoja mmoja walianza kutazama magoti yao. Nyuma yangu mtu alisema polepole ati ndiyo shida ya kuwapa wageni kazi. Mama alisikia. Alisimama, akaimba wimbo wa kuingilia hadi mwisho kwa sauti, misa ilipoisha akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilimfuata nikambusu. Alikuwa baridi.

Ulifanya haki. Najua ulifanya haki. Lakini ningekuwa sikukuambia uifiche Februari, ungeisema kwa watu wachache, jikoni kwake, na yeye ndiye angeenda kwa kamati kwa miguu yake. Hilo siwezi kuliondoa kichwani, hata kwenye sala.

Gaudencia


Kagio
Jumapili, 22 Juni 2025

Dada Gaude,

Usijibebeshe. Mimi ndiye niliyesema ni kawaida ya ujenzi.

Kule sakristia nilitaja nguzo kwa sababu niliulizwa. Nilianza kwa kuzungusha maneno, kwamba zote nne bado ni changa, na Mzee Ngatia akasema kama ni zote basi si neno, watu wapande, hawatacheza densi. Nje nilisikia wanovisi wanajaribu sauti. Ikabidi nitaje. Niliwaeleza Padri na Mzee kila kitu, mstari, nyundo, ufa, hata kioo kinavyofanya kazi. Misa ilipoisha Mzee akasema twende tukakione. Wakafunua kitambaa. Kioo kilikuwa kizima, Dada. Kisafi, kinang'aa, bila hata mkwaruzo.

Nikueleze nilivyojisikia? Nilifurahi na nikafedheheka kwa pamoja. Mzee Ngatia alinitazama kwa huruma. "Kijana," aliniambia, "kioo chako mwenyewe kinasema nguzo haijasogea." Nilisema haijasogea kwa sababu ilikuwa na miti, na miti imetolewa juzi tu. Padri alisimama nami, akafunga ngazi kwa kamba na kumpa Mzee ufunguo wa kilango cha ngazi hizo. Tumekubaliana nikimaliza atachimenti Agosti tutaivunja nguzo na kuimwaga upya kwa siku moja. Kama kioo kingekuwa kimepasuka ningelala pale chini ya ghorofa hadi waibomoe. Lakini ni kizima, kwa hiyo nimekubali kungoja. Mvua zimepungua, ni baridi tu na ukungu.

Mama hapokei simu yangu. Alipokea mara moja. Nilimwomba msamaha kwa jinsi ilivyosemwa, nikamwambia jambo lenyewe ni la kweli. Nilisikia redio yake nyuma. Kisha akaniambia, "Baba yako alisimama kwenye mvua miaka ishirini akiwalinda hawa watu, na wewe umemwangusha kwa dakika moja." Akakata.

Tangu hapo nafanya kazi kama mtu wa kukodishwa. Injinia mkuu jana alinishika bega akaniuliza kama ni mapenzi. Nilitamani iwe mapenzi.

Mwandikie, Dada. Wewe atakusikia. Mwambie asiwe na haraka, Agosti nitaimwaga na mikono yangu na jina la Baba nitaliandika mimi mwenyewe.

Kefa


Wamagana
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mwanangu Gaudencia,

Amani ya Bwana iwe kwako, na salamu kwa Sista Ntinyari. Barua yako niliipata, nikaisoma mara moja mbele ya picha ya baba yenu na mara moja jikoni. Umeandika kwa upole, na mimi nakujibu kwa upole. Kefa nilimsamehe zamani. Mtoto ni wako hata akikuvua nguo sokoni. Nanyamaza tu kwa sababu nikimpigia nitalia, na mwalimu wake wa kazi atafikiri tuna matatizo nyumbani.

Wewe hujui yaliyofuata baada ya gari lenu kuondoka. Mke wa katekista aliacha kunisalimia kwa jina, sasa ni Mama wa Nguzo. Shuleni mwalimu mmoja wa hapa hapa aliniuliza, akicheka, ati nikipewa darasa litasimama? Akina mama wa jumuiya wawili hawaji tena sala za Alhamisi. Walimu wapya waliohamishiwa huku, wale wa kutoka Kitui na Busia, wameanza kusali mjini. Jumuiya yenu inakufa, Gaude, na baba yenu ndiye aliyeianzisha, sebuleni kwetu, na viti vya kuazima.

Basi nimetafuta la kufanya, na nimelipata. Jumapili hii, tarehe sita, inatimia miaka mitatu tangu baba yenu atutoke. Nimeomba ibada ya kumkumbuka. Padri Muriithi yuko mafungo hadi katikati ya mwezi, katekista ndiye ataongoza. Na nimemwomba Mzee Ngatia tuimbe kutoka ghorofani, jumuiya yetu yote, sisi kwanza kabla ya mtu mwingine. Tukikaa huko juu ibada nzima na tukashuka wazima, nani atasema tena?

Alisita. Mzee ni mtu mzuri, kwa kweli, hakutaka kunifedhehesha tena. Jumanne alikuja mwenyewe kutazama nguzo, akaniambia kwamba Kefa alimweleza kioo kikiwa kizima basi hakuna hatari. Akakiinamia na miwani yake, akakigusa kwa kidole. Akanyooka akitabasamu. Akasema hata kwa maneno ya mtoto wangu mwenyewe nguzo iko sawa, na akatoa ufunguo mfukoni. Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu.

Sikumweleza mambo ya kioo. Kwa nini nimsumbue? Mimi Kefa aliniambia ni cha unyevu, nami nimekitunza kwa sababu ni kazi aliyoniachia. Kile cha kwanza kilipasuka Aprili mvua zikiwa nyingi, nikasema kweli kuna unyevu. Nilitaka kumpigia, nikakumbuka ana mitihani, na angekuja mbio kutoka Skuta kwa kipande cha kioo. Nikapata kingine kwa fundi wa madirisha, nikakigandisha kwa simiti kidogo kama nilivyomwona yeye akifanya, nikakipangusa. Akiniuliza kama ni kizima namwambia kizima, na si uongo, nilikuwa nimekitia kizima. Kikapasuka tena Mei, na tena kabla ya Pentekoste, na tena. Kile kabla ya hiki hakikumaliza juma. Vioo vya siku hizi si imara. Cha sasa nimekikata kwenye fremu ya picha ya baba yenu, kile ni cha zamani, kizito. Nilikibandika Jumatatu ili Mzee akija akikute kisafi.

Usimwambie Kefa. Ukimwandikia atakuja kunizuia na tutaaibika mara ya pili. Nataka arudi Agosti asikie watu wakiimba huko juu, atazame chini, aone nguzo ya baba yake imesimama. Hapo nitampikia kuku na tutacheka.

Najua sheria ya nyumba yenu. Barua hii utapewa Jumapili baada ya chakula, kwa hiyo ukiisoma tutakuwa tumeshaimba. Wale akina mama wawili wamekubali kurudi, na walimu wapya wanakuja na watoto wao. Nimewaambia wavae vizuri. Tukiwa wengi ndivyo itakavyopendeza, na mimi nitasimama mbele kabisa, pale juu ya jina la baba yenu.

Mama yako mzazi,
Mwalimu Phoebe